Kwa Nini Jeneza Halipigwi Nyundo

Zamani, kabla bisibisi haijapata kazi ya kufanya duniani, chuma cha kushikanisha mbao kilikuwa kimoja tu, nacho ni msumari. Mlango ulipigiliwa misumari, kitanda kilipigiliwa misumari, na jeneza vilevile. Ukisikia nyundo inalia ng'ambo ya bonde, ulisimama kwanza usikilize: ama mtu anajenga, ama mtu amekufa. Wenye mizigo kichwani waliitua mpaka wajue ni lipi.

Ninyi mlioniuliza jana makaburini kwa nini fundi alikuja na bisibisi, kaeni mtulie. Habari hii haisimuliwi kwa haraka.

Huko milimani aliishi mhunzi aitwaye Senkondo. Misumari yote ya nchi ile ilitoka kwenye fuawe lake, naye alijivuna kwelikweli. Alisema kitu kisichopigwa nyundo hakijashikwa. Dada yake, Namkunda, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, binti aliyeitwa Nakiete. Mtoto huyo alizaliwa mama yake akiwa ameshakata tamaa ya kuzaa, kwa hiyo hata akijikwaa tu, wa kwanza kulia alikuwa Namkunda. Kumchapa hakumchapa hata siku moja, na majirani walimsema sana kwa hilo.

Mwaka mmoja homa ikapanda milimani, na Nakiete akafa alfajiri. Desturi ya kule ilikuwa kwamba maiti ya mtoto isikutwe na giza nje ya kaburi. Akina mama wakamwosha, seremala akaleta jeneza, Senkondo akaleta misumari. Nyundo ilipogonga mara ya kwanza, Namkunda alijitupa juu ya kifuniko.

"Mnampiga!" alilia. "Kaka, sijampiga mwanangu tangu nimzae. Leo hawezi hata kukimbia, ndipo mnampiga?"

Walimbembeleza, kisha wakamkemea, na hakuondoka. Wazee wakasema ashikwe mikono avutwe pembeni, maana jua halimsubiri mtu. Senkondo alikataa. Aliung'oa ule msumari mmoja, akaomba wampe muda kidogo, akaenda kiwandani kwake, ambako kulitazamana na uwanja wa dada yake.

Kwanza alifua chuma kinene kisicho na ncha, cha kupenya mbao zote mbili na kuwa na kichwa huku na kichwa huku. Hiyo ndiyo ribiti. Lakini kichwa cha pili hakipatikani bila kupondwa, na kuponda ni nyundo ileile, basi akaiweka kando. Akafua pini ya miguu miwili, ya kupitishwa kwenye tundu kisha miguu itanuliwe upande wa pili isichomoke. Hiyo haikuhitaji kupigwa. Alikuwa ameshafika nayo mlangoni alipotambua kwamba upande wa pili ni ndani ya jeneza, na kule ndani hakuna wa kuitanua miguu ile ila Nakiete. Senkondo akakaa palepale kizingitini akalia, mtu mzima yule, kwa sauti.

Alipoinua macho alimwona dada yake uwanjani. Namkunda alikuwa ameketi ubavuni mwa jeneza, mkononi ana kitambaa walichomwoshea mtoto, anakikamua. Maji yalikuwa yamekwisha kitambo, naye akaendelea kukamua tu, mpaka kitambaa kikawa na misokoto inayozunguka kutoka juu hadi chini. Senkondo aliitazama misokoto ile. Kisha akarudi ndani, akatia msumari motoni, na ulipokuwa mwekundu akaushika kwa koleo mbili, akaukamua kama nguo. Kichwani aliuchanja ufa, akafua na ulimi wa chuma wa kuingia kwenye ufa huo, ili uzungushwe usigongwe. Hiyo ndiyo parafujo, na ulimi ule ndio bisibisi. Akatengeneza nyingine hivyohivyo, huku jua linashuka.

Aliporudi jua lilikuwa limeegemea mlima. Seremala alitoboa vitundu taratibu, na Senkondo akazungusha ya kwanza. Haikulia, ila ubao uliguna kidogo. Namkunda alikuwa ameweka sikio juu ya kifuniko, anasikiliza.

"Kaka," akauliza, "nacho hiki kikishaingia hakitoki?"

"Kinatoka, dada. Ukikizungusha kinyume kinatoka, na ubao hauharibiki."

"Basi nikitaka kumwona nitafungua."

Wazee waliguna. Senkondo hakuwatazama. "Utafungua," alisema. "Ufunguo huu ni wako, hapana mwingine atakayeushika."

Namkunda akainuka kutoka kwenye kifuniko, akanyoosha mkono apewe ule ulimi wa chuma. Ya mwisho, ile ya upande wa kichwani, aliifunga mwenyewe. Aliizungusha mpaka ikagoma, halafu akaongeza kidogo. Wakamzika Nakiete kungali na nuru.

Kaburi lile hakulifungua. Lakini alipokufa, akiwa ajuza wa mvi tupu, walikuta ule ulimi wa chuma chini ya mto wake, umepakwa mafuta, hauna kutu, na ndio waliofungia jeneza lake.

Na tangu siku hiyo kila chuma kikashika kazi yake. Msumari ulibaki na mapaa na uzio, mahali ambapo mtu hana nia ya kurudi kubomoa. Ribiti ilikwenda kwenye mikono ya sufuria, kushika chuma kwa chuma. Pini ya miguu miwili ilipata kazi kwenye mkokoteni, kuzuia gurudumu lisichomoke. Baadaye Senkondo aliupa msokoto wake nati ya kuukaza kwa nje, ikawa bolti ya kubeba mizigo mizito. Na parafujo, hiyo mnayoiita skrubu, ikapewa bawaba za milango na vyote ambavyo huenda mtu akataka kuvifungua. Nawaona mafundi wa siku hizi wanaoigongomea kwa nyundo kwa uvivu wao, na moyo unaniuma, maana hawajui ilitengenezwa ili isigongwe.

Lakini nyumba ya msiba bado hawaingii na nyundo. Na jana, ilipobaki parafujo moja, fundi aliinuka akampa mama wa marehemu bisibisi. Ninyi mlidhani amechoka mkono.