Mifupa ya Kununulia Shimo

Zamani hizo, makalio ya Fisi yakiwa bado sawa na mabega yake, mbuga iliingiwa na shida ya makazi. Masika yalikuwa yanakaribia, na mashimo yote ya kulala yalikuwa mikononi mwa Fisi. Aliyachimba? Thubutu! Aliyachimba marehemu Muhanga, ambaye hakumtoza mtu hata jani. Muhanga alipokufa, Fisi alilia matangani kuliko wafiwa, kisha akafuta machozi na kusema, "Marehemu kaniachia mimi." Watu wakamtazama marehemu. Hakubisha.

Bei ya shimo ilikuwa makapu mawili ya mifupa. Ngiri, kiumbe asiye na makuu, aliokota mifupa kiangazi kizima hadi kiuno kikamuuma, akapata kapu moja. Yeye na mkewe walilala chini ya kichaka kilichobaki miiba mitupu, na Bi Ngiri alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mume wangu, wanangu wakizaliwa mvuani watakufa," akasema Bi Ngiri.

"Usilie. Limebaki kapu moja."

Habari zikamfikia Mfalme Simba. Simba alipenda kusifiwa kuliko nyama, na nyama mnajua anavyoipenda. Akapigisha ngoma.

"Mimi, baba wa wote, nimewaonea huruma! Kila anayenunua shimo kwa mara ya kwanza atapewa na ikulu kapu la mifupa. Bure!"

Vigelegele! Bi Ngiri alicheza na mimba yake mpaka mumewe akamshika. Wakachukua kapu la ikulu, wakabeba na lao, mbio kwa Fisi.

"Makapu matatu," akasema Fisi.

"Jana yalikuwa mawili!"

"Jana hamkuwa na msaada. Hongereni sana."

Simba aliposikia hayo aliumia, si kwa ajili yao, bali kwa ajili ya jina lake. "Nani huyo anashindana na ukarimu wangu? Ongeza kapu!" Akaongeza. Ngoma haijanyamaza, Fisi yuko kwenye manne. Simba akaongeza tena, Fisi akapandisha tena, na hivyo hivyo hadi msaada ukafika makapu kumi, na Ngiri bado yuko kichakani, kapungukiwa na kapu lile lile moja.

Siku moja Ngiri alichungulia ndani ya kapu la msaada, akatoa taya moja. "Mke wangu, taya hili nalijua. Si la mjomba Kidevu?"

"Ndiye! Pengo lake si hili hapa!"

Ndugu zangu, mlidhani mfalme anaitoa wapi mifupa, kama si sahanini mwake? Kadiri alivyozidi kuwahurumia, ndivyo alivyozidi kuwala.

Bi Ngiri akaangua kilio. Sungura, aliyekuwa amelala nyasini na hana haja ya shimo la mtu, akaamka amenuna.

"Shemeji, unanikatizia usingizi."

"Sungura wee, nitazaa wapi mimi?"

"Shimoni. Niachie Fisi."

Akamkuta Fisi anatafuna faida. "Mzee Fisi, msaada wako umeshachukua?"

"Wangu? Mimi ni muuzaji bwana."

"Umewahi kununua shimo?"

Fisi akafikiri kwa shida. "Sijawahi."

"Basi wewe ni mnunuzi wa mara ya kwanza! Makapu yako kumi yanakungoja pale ikulu. Kasoro yako moja tu: una mashimo. Msaada ni wa wasio na pa kulala."

Mate yakamchuruzika. "Nifanyeje?"

"Yagawe, uchukue makapu, kisha urudi ununue. Lakini fanya haraka, ghala linafungwa leo."

Fisi akatimua mbio mbugani, anawasukuma watu mashimoni. "Ingia! Ni lako! Mashahidi mpo?"

"Bei gani?" akauliza Ngiri.

"Bei ya nini? Ingia, unanichelewesha!"

Bi Ngiri akatangulia. Ngiri, aliyemjua Fisi vizuri, akaingia kinyumenyume, makalio ndani, meno nje.

Fisi alirudi na makapu yake kumi, mvua ndiyo kwanza inaanza. Akainama kwenye shimo. "Hodi. Nauliza bei."

"Una makapu mangapi?" akauliza Ngiri.

"Kumi."

"Basi ni kumi na moja."

Akaenda shimo la pili: kumi na moja. La tatu: kumi na moja, na kicheko juu. Akalowa chapachapa, akarudi ikulu akilia. "Baba wa wote, niongezee kapu moja tu!"

"Nitaongeza!" akanguruma Simba, kifua mbele. Akatazama ghalani: tupu. Akamtazama Fisi, kuanzia kichwani hadi mkiani, polepole.

"Hebu geuka," akasema Simba. "Kumbe una mifupa mizuri."

Fisi alitoka mbio huku amebana makalio chini, na hadi leo hajayainua. Watoto wa Ngiri walizaliwa pakavu, nao wakafundishwa kuingia nyumbani kinyumenyume, maana Fisi bado hupita kuulizia.

Nanyi mnaosubiri ngoma ya ikulu, ikilia chezeni, sikatazi. Ila tazameni kwanza kama muuzaji naye anacheza, kisha chungulieni kapuni mwone ni taya la nani.