Barua ya Mia na Jina la Daraja

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzi, ya redio na mihuri, katika wilaya ya Lwangilo kule juu kwenye baridi, aliishi mstaafu mmoja aitwaye Mzee Ambilikile Mahenge. Miaka thelathini na minne alikuwa karani wa masjala, chumba kile ambamo serikali hutunza majalada yake. Akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, wakampigia makofi, wakamwambia aende akapumzike.

Apumzike nani? Mtu aliyesoma barua za wilaya nzima miaka thelathini na minne anapumzikaje? Mzee Mahenge alikuwa na maoni. Ana maoni juu ya Bunge, ana maoni juu ya mbolea inayofika mahindi yakishakomaa, ana maoni juu ya mawaziri na juu ya magari ya serikali yanayoonekana harusini Jumamosi. Redio ikisoma habari, yeye anaijibu. Kisha hukaa mezani akamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, mara mbili tatu kila mwezi. Na kwa kuwa mkono wa karani haustaafu, kila barua aliitia kumbukumbu namba.

Sasa sikilizeni kichekesho. Namba aliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya jalada alilolifungua mwenyewe enzi za ujana wake, jalada la Madaraja na Vivuko. Akiandika juu ya Bunge, namba ya madaraja. Akiandika juu ya mbolea, namba ya madaraja. Hata timu ya taifa ilipofungwa nyumbani, alimlaumu kocha kwa namba ya madaraja.

Masjala alikuwapo Bi Sekela Ndelwa, ambaye Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kwamba barua yenye namba haitupwi, hata iwe ya kichaa. Inakwenda kwenye jalada lake. Siku moja Mkurugenzi akamwita.

"Bi Sekela, barua za yule mzee tupa kapuni. Zinanichosha."

"Sawa, bosi."

Akatoka, akazifaili. Ilipogundulika, akapewa barua ya onyo. Akaisoma, akaona nayo ina namba ile ile ya madaraja, akaifaili.

Wa tatu ni Fundi Kaduma, fundi cherehani, ambaye barazani kwake ndiko redio ilikosikilizwa. Huyu alikuwa mtu wa serikali. Ipi? Yoyote iliyopo. Mzee akisema nchi imekwama, Kaduma husema inakwenda. Mzee akisema bei zimepanda, Kaduma husema hata mbinguni ni juu.

"Mheshimiwa," humtania huku akikanyaga cherehani, "wangekupa nchi hii, ungeinyoosha kwa muda gani?"

"Siku tatu! Ya nne ningekwenda kulima."

Basi ikawa hivyo. Mzee huandika, Bi Sekela hufaili, Fundi Kaduma hupinga. Mwaka wa kwanza, huandika, hufaili, hupinga. Mwaka wa pili, wa tatu, ni yale yale.

Mwaka wa nne mvua zikanyesha vibaya. Mto Ihosi ukafurika, na Ihosi hauna daraja, una magogo mawili tu. Ng'ambo ya mto aliolewa Lusako, binti wa pekee wa Mzee Mahenge. Uchungu ukamshika. Hospitali iko upande huu, yeye yuko upande ule, magogo yamekwenda na maji. Lusako akajifungulia ukingoni, juu ya kanga, wanawake wamemzungushia miavuli. Mtoto akapona. Mama naye akapona, lakini ilikuwa kidogo tu afe, na Mzee alisimama upande huu akisikia kila kilio na asiweze kufika. Sikieni uchungu huo. Mtu mzima alilia mbele za watu.

Jioni ile barazani redio iliwashwa kama kawaida. Mzee, kwa kuzoea, akaanza kuilaumu hotuba ya bajeti. Fundi Kaduma akasimamisha cherehani.

"Mheshimiwa, leo sikutanii. Miaka minne unaitawala nchi nzima kwa kalamu, na mto wa mwanao hujauandika hata mstari mmoja. Unasema watu wanateseka. Wangapi? Wanavuka lini? Umewahi kwenda kuwaona?"

Mzee akaondoka bila kuaga. Kesho yake alfajiri alikuwa mtoni na daftari. Akakaa siku saba. Akaandika kila aliyethubutu kuvuka majini, kila aliyeshindwa, kila mgonjwa aliyerudishwa. Kisha akaandika barua bila tusi hata moja, akaitia namba ile ile.

Bi Sekela akaipokea, akafungua jalada, akashtuka. Folio ya mia, yaani karatasi ya mia jaladani! Na sheria ya masjala ni hii: jalada likifika folio mia hufungwa, na halifungwi mpaka mkuu wa ofisi alipitie lote na kutia saini.

Akalibeba kwa mikono miwili mpaka mezani kwa Mkurugenzi.

"Nini hiki?"

"Madaraja na Vivuko, bosi. Limejaa."

Mkurugenzi akasoma. Akakuta Bunge, akakuta mbolea, akakuta kocha, akakuta onyo lake mwenyewe. Akacheka mpaka akafuta miwani. Akafika barua ya mia, kicheko kikakoma. Akageuza mpaka chini kabisa, folio ya kwanza, akakuta mchoro. Mchoro wa daraja la Ihosi, umepimwa, umegongwa muhuri: IMEIDHINISHWA. Miaka ishirini na sita umelala pale! Mkurugenzi hakula mchana. Akalitia jalada kwapani, akapanda gari, akaenda nalo wizarani mwenyewe.

Daraja likajengwa. Naam, likajengwa! Zege juu ya zege, vyuma pande zote. Siku ya kulifungua wilaya nzima ilishuka mtoni, ngoma zikapigwa, vigelegele vikajibizana ng'ambo kwa ng'ambo. Na wa kwanza kuvuka alikuwa Lusako, mimba ya pili tumboni, mtoto wa kwanza amemshika mkono. Akatembea kwa miguu yake, viatu vikavu, mpaka kwa baba yake. Mzee Mahenge akainua fimbo juu akapiga kelele kama kijana, "Serikali imefanya kazi!" Fundi Kaduma nusura aanguke.

Kisha Mkurugenzi akaonyesha jiwe la ufunguzi na mchongaji aliyengoja kando yake, akasema, "Jiwe hili lina nafasi ya jina moja. Mimi msiniandike, niliamuru barua zitupwe. Semeni ninyi."

Mzee akasema, "Mwaka niliostaafu ilitoka amri mpya: jalada lisiloingiwa na barua miaka mitatu huchomwa moto. Barua zangu ndizo zilizoufanya mchoro ule uishi. Daraja ni langu."

Bi Sekela akasema, "Baba, shikamoo yako, lakini barua zako zilikuwa za kapuni. Mimi nilizihifadhi, nikala onyo. Daraja ni langu."

Fundi Kaduma akasema, "Nyingine zote zilikuwa kelele. Iliyojenga ni ya mia, na hiyo niliizaa mimi. Daraja ni langu."

"Wewe!" Mzee akamgeukia. "Miaka minne ulisema mambo ni mazuri!"

"Na wewe uliyefungua jalada lile, ukakaa nalo kazini miaka yote, mbona hukusema?"

Mzee akachimba chini kwa fimbo. Wote wawili wakamtazama Bi Sekela, maana alipofaili barua ya kwanza aliuona mchoro ule.

"Kazi ya karani ni kutunza," akasema taratibu, "si kusema." Akainamisha macho.

Wakamgeukia Lusako awaamulie. Lusako akashika tumbo, akacheka kwa maumivu. "Mtabishana, baba. Mimi ninawahi hospitali." Akaenda, na barabara ilikuwa wazi mbele yake.

Jiwe liko pale hadi leo. Limechongwa DARAJA LA, halafu patupu, na mchongaji bado amekaa kando yake na patasi mkononi, anauliza kila apitaye. Leo mmepita ninyi. Haya, mwambieni: achonge jina la nani?