Jina la Mjukuu wa Zahabu

Sogeeni, na mwenye neno alimeze hadi nimalize. Walikuwapo wanawake watatu huko milimani Usambaa. Mmoja alijaliwa sikio, wa pili mkono, wa tatu jicho. Hawakupendana hata kidogo, na wa nne, Zahabu, hakumpenda hata mmoja wao. Lakini pasingekuwa na hao watatu, Zahabu leo angekuwa udongoni.

Mwenye sikio ni Mwanahija, mke mwenza wa Zahabu. Huyo akisikia kinu kinatwangwa ng'ambo ya bonde, atakwambia ni nani anatwanga na amenuna kwa nini. Zahabu, kwa kuwa ndiye Bi. Mkubwa, aliongoza vigelegele katika kila harusi. Siku moja, mbele ya akina mama wote, Mwanahija aliinua mkono akasimamisha shangwe.

"Bi. Mkubwa, umeficha kisheti shavuni? Kigelegele chako kinapita kama kuku aliyekabwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zahabu aliondoka kabla ya pilau. Alipopitisha ulimi ndani ya shavu alikuta kinundu laini, kisichouma, akakumbuka kwamba kilikuwapo tangu mavuno ya mwaka uliopita. Alikwenda kwa daktari, si kwa hofu, bali apate ushahidi wa kumziba mwenzake mdomo.

Mwenye mkono ni Daktari Nanzia, daktari wa meno, mwepesi wa kisu na mkali wa ulimi. Alikitoa kinundu, Zahabu asihisi zaidi ya kuvutwa. Kilikuwa cha njano kama mafuta ya mbuzi. Zahabu akakiomba. Kwao kitu kilichotoka mwilini, kiwe kitovu cha mtoto au jino, huzikwa shinani mwa mgomba kabla hasidi hajakipata. Na kwa hesabu yake, hasidi alikuwa akiishi naye ua mmoja. Daktari alikataa.

"Kilichotoka kwa kisu changu kinakwenda kupimwa. Ukitaka kuzika, kazike kucha."

Zahabu alimwita mchawi wa koti jeupe.  Daktari alikitumbukiza kinundu kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, akakitazama. Mafuta matupu, alisema, huelea. Hiki kilining'inia katikati.

Mwenye jicho ni Bi. Tumsifu, mpimaji wa hospitali ya mkoa, ambaye hukata nyama nyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuitazama kwa hadubini. Alikata, akatazama, akaandika: mafuta ya kawaida. Karatasi hiyo Zahabu aliipeperusha uani siku tatu, akimsomea Mwanahija bila kuombwa.

Bi. Tumsifu hakutulia. Wiki iliyofuata alikirudia kinundu, akakikata upande ambao hakuwa ameugusa. Humo, kati ya chembe za mafuta, akaona chembe ngeni zenye viini vikubwa vilivyopinda. Ilikuwa saratani ya mafuta, ambayo mdomoni huonekana kwa nadra sana; miaka kumi na tisa kazini hakuwahi kuiona hapo. Wenzake walimshauri anyamaze, kwa kuwa karatasi ilikwisha kutoka. Akapiga simu yeye mwenyewe, akasema, "Nilikosea."

Zahabu akamjibu, "Juzi mafuta, leo saratani. Kesho mtaniambia nina mimba."

Hata hivyo alikwenda hospitali. Safari hii alikatwa zaidi, pamoja na nyama nzima iliyozunguka pale, na shavu likabaki na bonde. Akiwa bado kitandani, aliapa mbele ya mumewe kwamba mjukuu wake wa kwanza atabeba jina la aliyemwokoa.

Miaka miwili ikapita, saratani haikurudi. Mke wa mwanawe akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, wanawake wote watatu walifika, wakaketi mikeka mitatu ili wasigusane.

Mwanahija alisema kwamba bila sikio lake, Zahabu angekifuga kinundu mpaka kaburini. Daktari akamwambia kuwa sikio hilo lilitaka kuaibisha, si kuponya. Tena, akasema, kama si ukaidi wake yeye daktari, kinundu kingeoza chini ya mgomba. Bi. Tumsifu akasema chupa isiyotazamwa ni chupa tu.

"Kwa jicho lile lile lililosema ni mafuta?" akauliza Mwanahija.

"Lile lile," akajibu Bi. Tumsifu. "Na ndilo lililokubali aibu."

Zahabu alimpakata mtoto. Moyoni alitamani kumpa jina la mtu mwingine yeyote, lakini kiapo ni kiapo. Kwao bibi hupiga kigelegele kwanza, kisha hutaja jina. Akapiga. Kilikwaruza, kikakatika penye bonde la shavu, kikaendelea. Hakuna aliyecheka. Mwanahija alikuwa ameinamisha kichwa, akikisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayetafuta kasoro.

Kigelegele kimekwisha. Mtoto anangoja, na jina likishatoka halirudi. Kuna sikio lililosikia kwa chuki, mkono ulioshika kwa ukaidi, na jicho lililokosea kisha likajirudi. Nanyi mnaonisikiliza, kama mngempakata nyinyi, mngemwitaje?