Kaya Namba 48

Bisha kama una ubavu. Kijana aliyeishia darasa la sita, tena kwa kusukumwa, alimfundisha mtaalamu wa kompyuta namna ya kuunganisha majedwali. Unacheka? Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na mfereji mmoja wa maji. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, tangawizi ikaanza kukunja majani. Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Mfinanga, akamleta mtaalamu aitwaye Elirehema apange zamu za maji kwa kompyuta.

Elirehema akaingiza jedwali la wakazi: kaya mia moja na kumi na mbili, kila moja na namba yake. Akaingiza na jedwali la msaragambo, yaani kaya zilizotoa mtu wa kuchimba na kusafisha mfereji. Akaiamuru mashine iyaunganishe kwa namba ya kaya. Zikatoka kaya sabini na moja.

Orodha hiyo ya watakaopata maji ikabandikwa mlangoni mwa ofisi. Mama Nakiete, mjane wa kaya namba 48, akaipitia mara tatu kwa kidole. Hakujiona. Tangawizi yake ndiyo iliyolisha watoto wake wanne, na bila maji isingemaliza wiki.

"Mama, kompyuta haidanganyi," Elirehema akamwambia. "Hukuchimba."

"Nilikuwa nawapikia wanaochimba, baba. Nani alichimba na njaa?"

"Hilo kwenye mashine halimo."

Hapo jirani yake, Senkondo, akashindwa kuvumilia. Ndiye huyo wa darasa la sita. Akapenya watu mpaka mbele ya meza.

"Mtaalamu, mashine yako inatoa waliomo kwenye majedwali yote mawili tu, siyo?"

"Ndiyo. Kwani wewe umesomea wapi?"

"Nilifika darasa la sita nikaona panatosha. Hebu nitafutie kaya namba moja."

Elirehema akabonyeza. Kioo kikabaki kitupu.

Watu wakatazamana. Kaya namba moja ilikuwa ya Mzee Mfinanga mwenyewe, aliyeketi kando ya meza.

"Poleni wafiwa," Senkondo akasema, akavua kofia. "Mwenyekiti hatunaye tena. Tunazika saa ngapi?"

Kicheko kikapasuka hadi barabarani.

"Nyamaza, mpuuzi wewe!" Mzee Mfinanga akafoka. "Elirehema, mashine hii ina wazimu?"

"Haina, Mwenyekiti," Senkondo akajibu. "Imejibu ilichoulizwa. Iulizwe vingine. Ianze na wakazi wote, asiondolewe hata mmoja. Kando yao wawekwe waliochimba. Kisha wawekwe waliopika, daftari lao ninalo. Asiye na kitu aachiwe nafasi wazi, lakini jina libaki. Pengo si kaburi."

"Na nikikataa?" Elirehema akauliza.

"Tunakaa hapa hapa mlangoni, na mfereji haufunguliwi kwa mtu yeyote. Jaribu uone."

Hakuna aliyeondoka. Akina mama wakaketi chini mmoja mmoja, wakakunja miguu. Senkondo akakimbia kwao, akarudi na daftari.

Elirehema akaandika upya, midomo ameibana. Kaya mia moja na kumi na mbili zikatoka zote. Mbele ya namba 48, kuchimba palikuwa wazi. Kupika, siku kumi na moja. Kaya iliyokuwa tupu pande zote mbili ilikuwa moja tu. Namba moja.

Mama Nakiete alipata maji Jumatano. Alhamisi Mzee Mfinanga alionekana mferejini na jembe jipya, karatasi ya dukani bado imeganda kwenye mpini.

Haya, nakiri. Kuna kipande nimekiruka, maana kinanichafulia shujaa wangu. Daftari la wapishi lilikuwa likifanya nini nyumbani kwa Senkondo? Akina mama walimkabidhi tangu Machi alipeleke ofisini. Akalikalia. Jalada lake gumu alilichora miraba, akawa analichezea drafti kwa vizibo vya soda. Elirehema wa watu hakuwahi hata kuliona. Senkondo alikwenda kumwambia Mama Nakiete kwa mdomo wake mwenyewe, na sikio lake lilivutwa mpaka akasimama kwa vidole.

Funzo: Usimfute mtu kwa kuwa hayumo kwenye daftari ulilofungua. Kwanza tafuta daftari ambalo halijafunguliwa, na anza kwa kuinuka ulipokaa.