Karani Aliyeitwa Sifuri

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba mficha maradhi ni mtu mbaya. Mara nyingi huwa mtu wa huruma, na karani wa kusajili vifo katika hospitali ndogo ya wilaya alikuwa na huruma iliyopita kiasi.

Ugonjwa wa kifua ulipoingia, amri ilitoka makao makuu: atakayekufa kwa ugonjwa huo azikwe na wahudumu waliovaa meupe kuanzia utosini hadi nyayoni, na jamaa zake wasimame mbali. Vipimo vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, kwa hiyo karani aliuliza dalili, akaandika sababu ya kifo, na kila alasiri akapiga simu makao makuu kutaja idadi.

Wa kwanza kumjia alikuwa mzee fundi cherehani, kofia mkononi, mkewe amelala chumba cha maiti.

"Mwanangu, mke wangu azikwe na watu wasiomjua hata jina?"

"Alikuwa anakohoa, baba?"

Mzee aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Karani akaivuta karatasi. Akaandika: moyo.

Habari haina miguu, lakini hutembea. Baada ya hapo wafiwa waliingia ofisini wakijua la kusema. Ungedhani mioyo ya wilaya nzima imechakaa kwa pamoja.

"Leo wangapi?" makao makuu waliuliza.

"Sifuri."

"Hongereni! Wenzenu huko wanateketea."

Wauguzi wakambandika jina la Sifuri, naye akacheka tu. Watu walizika wapendwa wao kwa mikono yao wenyewe, na hilo lilimtosha.

Kisha dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akaanza kukohoa. Alipofikishwa wodini alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Muuguzi mkuu alimvuta karani kando.

"Mtungi wa hewa umebaki mmoja, na una mtu tayari. Nisamehe, kaka."

Karani aliirukia simu. "Tuleteeni mitungi, tafadhali! Watu wanakufa huku!"

"Huku wapi?" Karani akataja wilaya yake. "Nyinyi? Bwana, mitungi tunagawa kwa idadi ya vifo mnayoleta wenyewe. Nyinyi si mna sifuri?"

Alirudi kitandani kwa dada yake. Dada alimtazama usoni, akaelewa. Hakuwa mtu wa kufichwa jambo.

"Mdogo wangu," alisema kwa pumzi za kuazima, "mimi usiniandike moyo. Moyo wangu mzima. Ungekuwa mbovu, ningewezaje kumlea mtukutu kama wewe?"

Karani alitaka kucheka, akalia. Kabla ya adhuhuri dada yake alikata roho.

Fundi cherehani alimkuta ofisini, kalamu mkononi, karatasi ingali tupu.

"Pole, mwanangu. Andika moyo umzike mwenyewe. Nani atakulaumu?"

Hakuna kitu duniani karani alichokitamani kuliko hicho. Hata hivyo, aliandika ugonjwa wenyewe kwa jina lake, kisha akainua simu.

"Leo mmoja," alisema. "Na kuna wengine niliowaficha. Nitawataja wote, na adhabu yangu nitaipokea." Akamgeukia mzee. Hakuwa na uso wa kumwomba ruhusa ya kumtaja mkewe.

Mzee aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mtaje na wangu," akasema. "Aanze yeye."

Karani akataja, jina baada ya jina, mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya maziko alisimama mbali, nje ya ua wa makaburi, akiwatazama watu wa meupe wakimshusha dada yake. Mzee alisimama upande wa pili wa lango, akilia naye. Ndipo lori la mitungi likawapita, likielekea hospitalini kwa wale waliokuwa bado wanahema. Karani alilisindikiza kwa macho hadi likapotea, kisha akayarudisha kwenye kaburi lililokuwa likifukiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.