Zoezi la Kumwokoa Diwani

Bisha ukitaka, lakini boti ya uokoaji ya kata ilikuwa banda la kuku nyumbani kwa Diwani Ngonyani, na kule Bondeni kila masika watu walikimbilia juu ya mapaa.

Wiki moja kabla ya mvua, Machepe wa Bondeni akamwendea. "Mheshimiwa, tufanye zoezi la mafuriko. Wewe ndiye utakayeokolewa, upigwe picha."

"Nitalowa?"

"Ulowe wewe? Tutakubeba botini."

Vijana wakambeba mpaka Bondeni, akipunga mkono, kuku kumi miguuni. Akapigwa picha, akashuka. "Haya, irudisheni kwangu."

"Kuna kitu sikukwambia, mheshimiwa. Picha nimeshamtumia mkurugenzi wa halmashauri, chini nimeandika: Diwani akabidhi boti Bondeni. Yuko njiani kukupongeza. Na hao kuku, nimewaandika chakula cha dharura."