Sefania na Daraja la Mfereji

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi ng'ambo ya mto, na maji yake yote yalimfikia kwa mfereji uliovuka juu ya daraja la mawe. Jina lake Sefania. Daraja hilo mababu walilijenga bila saruji, jiwe likiegemea jiwe, na kabla ya kuvuka, mfereji ulipita kwanza shambani kwa kaka yake, Mbazi. Kila mwaka ndugu hao walikutana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi. Mawe hayakuguswa.

Mwaka mmoja mvua ziligoma. Maji yakapungua, mahindi ya Sefania yakaanza kujikunja majani, naye akaingiwa na shaka. Si yanapita kwa Mbazi kwanza? Mbazi alipomwalika kula, alijiuliza anafichwa nini. Mbazi alipoacha kumwalika, akasema dalili ya mvua ni mawingu. Kwenda kulitazama shamba la kaka yake hakutaka, asije akaonekana ombaomba.

Mwisho akaamini kwamba ndani ya daraja mmefichwa bomba la wizi. Siku ya gulio, watu wakiwa sokoni, alishuka na mtaimbo akang'oa jiwe atazame. Hakuona bomba. Akalirudisha na kulisindilia matope, lakini jiwe likishang'olewa halikai tena kama lilivyokaa. Alipokwisha kuondoka matope yalilainika, maji yakavujia mtoni. Kwake yakazidi kupungua, naye akazidi kumshuku Mbazi. Gulio lililofuata alirudi, akang'oa jiwe la katikati ya tao, linaloshika mengine yote.

Daraja likaporomoka, naye akaangukia mtoni. Sefania alijiburuta hadi ukingo wa pili, ameloa, akapanda juu. Hapo ndipo alipoliona shamba la kaka yake. Mahindi yalikuwa yamekauka hadi mashina, na mlango wa maji ulikuwa umezibwa kwa udongo uliokwisha kuota majani.

Mbazi alifika akihema. Hakumkemea.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilifunga kwangu ili hayo machache yakufikie wewe. Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

Nanyi mnaonisikiliza, ni nani kati yenu aliyeshika mtaimbo leo, na ni ndugu gani ambaye hajavuka kwenda kumtazama?